Wiki ya Uzi wa Kijani

Kama kuna mtu aliyejua kutoa damu kwenye nguo, ni dobi wa kambi. Hilo hata waliomchukia walimkubalia, na waliomchukia walikuwa wachache, maana si rahisi kumchukia mtu anayekupigia pasi suruali. Miaka kumi na tisa aliwafulia maofisa. Kila askari mgeni aliyekuja na doa la damu ya pua alipewa somo lile lile, atake asitake: maji ya moto hapana, yanaipika damu ikakaa humo humo, maji baridi, chumvi, subira, ndipo uje na sabuni ya mche. Alilirudia somo hilo mpaka wakambandika jina la Maji Baridi, na mwenyewe akalipenda, akawa analiitikia.

Jambo la pili alilojivunia ni uzi. Madobi wengi hutia alama kwenye nguo ili ya huyu isiende kwa yule, hilo si jipya. Yeye aliongeza lake. Ndani ya pindo, karibu na mshono wa ubavu, alishona alama ya mwenye nguo kwa uzi mweupe, na kando yake akatia mshono mmoja mfupi wa rangi ya wiki. Wiki hii nyekundu, inayofuata buluu, kisha njano, kisha kijani, halafu anaanza upya. Nguo ikirudi kufuliwa, anang'oa rangi ya zamani na kutia mpya. Yote hayo ni kwa sababu kapteni mmoja aliwahi kumtuhumu mbele za watu kwamba shati lake limekaa kwa dobi mwezi mzima. Akaapa hatatuhumiwa tena, na kweli hakutuhumiwa.

Vita vilipopamba moto, ghala la mahema nyuma ya chumba chake cha kufulia liligeuzwa gereza. Waliletwa watu kwa malori, wengine wamefunikwa macho, na wengi wao hawakuwa wapiganaji wa upande wowote: mwenye duka, mpiga picha, kijana fundi redio aliyekutwa na nyaya nyingi kuliko walivyoona inafaa. Dobi hakuwahi kuingia humo ndani. Walimpa kazi ya dirishani, pale getini, kila Alhamisi. Jamaa wanaleta furushi la nguo safi, wanapewa furushi la nguo chafu, wanatia sahihi kwenye daftari, wanaondoka. Hakuna kuonana wala salamu.

Alhamisi ya kwanza alikuja mama wa yule fundi redio. Alikuwa fundi cherehani mjini, mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni, ameisahau hapo kama ambavyo mwingine angesahau miwani. Alipewa furushi, akalifungua pale pale. Shati la mwanawe lilikuwa limegandamana mgongoni, limekuwa gumu. Hakupiga kelele. Aliketi chini, vumbini, akalikunja lile shati taratibu, mikono kwa nyuma, kola juu, kama analiweka dukani, akalipakata mpaka foleni yote ikaisha. Dobi alimwona muda wote kupitia dirishani, na alipofika nyumbani aliacha chakula mezani bila kukigusa.

Sasa mtu mwingine angefanyaje? Wengine wangeomba uhamisho, wengine wangejitia hamnazo. Yeye alikuwa dobi. Jumanne iliyofuata, koplo alipoleta kikapu cha nguo kutoka ndani ili zifungwe mafurushi, dobi hakuzifunga. Alikimimina kwenye karo na kuanza kufua.

Alifua siku mbili mfululizo. Nguo hazikumficha kitu. Kutoka kwenye mashati alijua nani kapigwa kwa waya na nani kwa mkanda, maana waya hukata uzi na mkanda huusaga. Kutoka kwenye suruali alijua nani amesimamishwa kutwa kucha mpaka akajikojolea. Kulikuwa na matundu madogo ya mviringo, yenye kingo nyeusi, ukubwa wa ncha ya sigara, na hayo aliyatia uzi akayaziba moja moja. Aliuma meno akafanya kazi. Alhamisi ilipofika kila furushi lilikuwa safi, limenyooka, linanukia sabuni, na alipoona akina mama wanafungua wanashusha pumzi, moyo wake ulitulia. Aliamini kabisa amefanya jambo jema, na mimi simcheki kwa hilo, kwa sababu wengi wetu tungeamini vivyo hivyo.

Ni fundi cherehani peke yake aliyerudi dirishani.

"Nani kafua hizi?"

"Mimi, mama."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nimeona tu niwapunguzieni."

"Usinipunguzie. Wiki ijayo nipe ya mwanangu kama ilivyo."

"Mama, si ya kutazamwa."

"Nimekuomba unichagulie cha kutazama?"

Dobi aliona amesutwa bure. Watu wengine hata ukiwatendea wema wanakutolea macho, alimwambia mkewe jioni ile, huyu mama huzuni imemchanganya. Akaendelea kufua. Luteni aliyekuwa mkuu wa gereza, ambaye miaka miwili hakuwahi kumwita kwa jina lolote, alikuja mwenyewe chumba cha kufulia, akampa mkono na kumwambia amefanya jambo la maana sana, aendelee hivyo hivyo. Kesho yake zikaletwa katoni mbili za sabuni. Hapo ndipo alipopaswa kujiuliza, na hakujiuliza. Alizipanga zile katoni rafuni akafurahi.

Ikaja wiki ya uzi wa kijani.

Koplo aliyekuwa akileta kikapu alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa kwanza, kijana mpole aliyeingia jeshini kwa sababu ya mpira wa miguu. Jumanne ile aliweka kikapu chini bila kuamkia. Juu kabisa kulikuwa na nguo za fundi redio. Zote. Mashati matatu, suruali mbili, sweta, nguo za ndani, na soksi zikiwa zimekunjwa pamoja. Shati moja lilikuwa la miraba, aliloshonewa na mama yake. Mgongoni lilikuwa limelowa, na ndani ya mishono damu ilikuwa bado mbichi.

Dobi alizitandaza mezani, akazihesabu kwa macho.

"Huyu sasa atavaa nini?" akauliza.

Koplo alikuwa anatazama karo. "Wewe fua tu, baba."

"Nauliza atavaa nini."

"Fua, baba. Tafadhali."

Akafua. Alifua hadi vidole vikakunjamana, maji baridi, chumvi, akatia uzi wa kijani kwenye kila pindo kama kawaida yake, mkono ukienda wenyewe. Jumatano luteni alikuja akaona zimekunjwa pamoja. Akasema za huyu zisitoke zote kwa mkupuo, itoke moja moja, kila Alhamisi moja, na mama yake atie sahihi kila mara. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Dobi akajibu ndiyo afande.

Alhamisi ile akamtolea fundi cherehani shati moja na suruali. Mama alilipokea, akalinusa, akalikunja. Kisha akauliza swali lile lile ambalo dobi alimuuliza koplo.

"Na yeye huko ndani anavaa nini siku hizi? Nimwongezee?"

Luteni hakuwepo. Koplo hakuwepo. Hakuna aliyemwagiza dobi aseme kitu chochote hapo, na angeweza kunyamaza, akajikuna kichwa, akamwita mwingine kwenye foleni. Badala yake alifungua kinywa.

"Usihangaike, mama. Wamepewa sare."

Hakukuwa na sare hata moja kwenye gereza lile. Angezifua nani, kama si yeye?

"Sare za joto?"

"Za joto, mama."

Akamshukuru. Mara ya kwanza tangu ajue dirisha lile, yule mama alimshukuru. Wiki ya uzi mwekundu akapokea shati la pili na sweta. Wiki ya uzi wa buluu akapokea lile la miraba, la mwisho, akalifungua na kuliweka shavuni hadharani, akasema walau sasa anajua halijapotea, alilishona kwa vipande viwili vya kitambaa na miraba ikakutana barabara. Akatia sahihi. Dobi alikuwa anatazama meza.

Kesho yake, Ijumaa, gereza lilifungwa. Malori yalikuja, watu wakatolewa, wakaambiwa kila mtu aende kwao. Waliorudi makwao walirudi. Ambao hawakurudi, karatasi zilisema wameachiwa siku hiyo hiyo, wazima.

*

Vita vilikwisha kwa makubaliano, si kwa ushindi, na mojawapo ya makubaliano hayo ilikuwa tume. Jaji mstaafu mmoja, mwanamke mzee mwenye sauti ndogo, aliwekwa ukumbini kwenye chuo cha ufundi ili asikilize mambo ya lile ghala la mahema. Dobi alikuwa ameshastaafu. Anaishi na mkewe kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili, anafulia majirani, na nyuzi zake nne bado zimo kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati.

Siku kumi kabla ya zamu ya ghala kusikilizwa, fundi cherehani alibisha mlango. Tepu ilikuwa shingoni. Hakukubali kiti. Alitoa mashati matatu kutoka kwenye mfuko, akayaweka juu ya meza ya kupigia pasi na kugeuza mapindo.

"Hii ni kazi yako?"

"Ni alama ya dobi, mama. Kila dobi anayo."

"Nyeupe naielewa. Hii ya kijani?"

Dobi alivuta pindo moja karibu, akaligeuza tena.

"Jeshi limesema mwanangu aliachiwa Ijumaa ile," mama akasema. "Walioshikwa pamoja naye wanasema alitolewa Jumatatu moja, wiki kadhaa kabla, hakurudi. Jeshi likasema ah, huyo alihamishiwa chumba cha peke yake, na ushahidi ni huu hapa, mama yake mwenyewe ametia sahihi Alhamisi tatu kupokea nguo zake. Mtu aliyekufa hachafui nguo. Halafu wanasema, kama hakufika nyumbani basi alivuka akaenda kwa adui. Mwanangu sasa ni marehemu kwangu na msaliti kwao. Sahihi ni yangu, siwezi kuikana."

"Pole, mama."

"Sikuja kupewa pole. Nataka siku. Siku aliyokufa. Nina ndugu wananiuliza tumhesabie siku za kumbukumbu tangu lini, sina cha kuwajibu. Mimi ni fundi, najua mkono wa mtu hautii uzi mahali bila sababu. Una maana gani huu wa kijani?"

Dobi alifungua kinywa, na tazama jinsi binadamu alivyo: kinywa kile kile kilichotoa uongo haraka kama nini, ukweli ukakishinda. "Ni zamani, mama," akasema. "Nitajaribu kukumbuka."

Mama akayakunja mashati yake akaondoka. Siku mbili baadaye ikaja barua ya wito, yenye mhuri wa tume. Bila shaka ni yule mama aliyemtaja.

Usinidhanie nasema dobi alikuwa mwoga. Kumbuka kikapu alikileta nani. Binti yake alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na wa pili tumboni, na baba wa watoto hao bado alikuwa koplo. Tume ilikuwa na uwezo wa kupeleka mtu mahakamani. Dobi akisema zile nguo zilikuja siku moja, watamuuliza zililetwa na nani, na hapo hakuna pa kupita. Basi kila asubuhi aliamka ameamua kusema na kila jioni alilala ameamua kunyamaza, na mkewe akamwona anafua shuka lile lile mara mbili.

Jioni ya mwisho mkwe akaja. Alibeba sare yake kwenye mfuko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Koplo alikaa ukingoni mwa kiti. "Kesho nimepangiwa ulinzi huko ukumbini. Nikasema nikuletee hii uninyooshee, hakuna anayenyoosha kama wewe."

Dobi akachukua sare, akatia pasi kwenye umeme.

"Nasikia na wewe umeitwa, baba."

"Nimeitwa."

"Ya zamani hayo. Mtu wa umri wako akisema hakumbuki, nani atamlaumu?"

"Umri wangu umekuwa mkubwa lini? Juzi tu ulinisifu nakumbuka kila kifungo kilichokatika kambini."

Koplo akacheka kidogo, akaacha. "Mimi nilibeba kikapu tu, baba. Unajua. Humo ndani sikumgusa mtu."

"Najua. Na mimi nilifua tu."

"Basi kwa nini tuungue sisi? Luteni sasa hivi ni meja, ana dereva."

Dobi alinyoosha mkono wa kulia wa sare, akageuza, akanyoosha wa kushoto. "Yule kijana alikufa lini?" akauliza bila kuinua macho.

"Baba, usiniulize hilo."

"Kumbe hukusahau."

Koplo aliinama. Mabega yalianza kumtikisika, na alilia namna wanaume wanavyolia mbele ya wakwe zao, yaani kwa kujizuia na kuona haya. Alisema alisikia tu, hakuona. Kwamba usiku kucha kijana alikuwa anamwita mama yake, halafu kabla ya mapambazuko akanyamaza. Kwamba asubuhi yeye koplo aliambiwa amvue marehemu zile nguo maana jeshi halizihitaji, akamvua, akazikunja soksi. Hakujua kwa nini alizikunja soksi. Dobi alizima pasi na kuitundika sare kwenye msumari. Alimpenda kijana huyu. Alimpenda tangu siku alipokuja kuposa amevaa viatu vya kuazima, na sasa alimpenda zaidi, na jambo hilo halikumsaidia kitu.

Koplo alipoondoka, mke wa dobi aliyekuwa jikoni muda wote akaja kukaa.

"Nimesikia," akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema binti yetu hatakuja hapa kwa muda mrefu." Akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Na nasema miaka yote hii nimeishi na mtu anayeacha chakula kila Alhamisi. Ulidhani sioni? Ukienda kesho, sema yote. Usiseme nusu ukanirudishia tena mtu wa Alhamisi."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Karakana za chuo zilikuwa jirani, na harufu ya mbao ilipita madirishani. Akina mama na wake wa wafungwa walikaa benchi za mbele, wengi na mifuko mapajani, kwa sababu tume iliwaambia walete chochote walichonacho, na walichokuwa nacho ni nguo. Mlangoni alisimama koplo, sare imenyooka, mikunjo ya mikono inakata.

Dobi aliapa, akaketi. Jaji akampa yale mashati matatu na kumuuliza kama anayajua.

"Nayajua. Nimeyafua mimi."

"Lini?"

Alijikaza. "Siku moja, mheshimiwa. Yote matatu. Jumanne moja, wiki ya uzi wa kijani."

Akaeleza rangi zake. Alianza kwa kukwama, lakini alipofika kwenye kapteni na tuhuma zake akapata kasi, na watu wawili watatu wakatabasamu. Mashati haya, alisema, yalitoka dirishani Alhamisi tatu tofauti, lakini yaliingia kwenye karo pamoja. La pili lilitoka wiki ya uzi mwekundu, la tatu wiki ya buluu. Yangekuwa yamevaliwa na mtu wiki hizo, yangekuwa na nyuzi za wiki hizo. Yana kijani, yote.

Wakili wa jeshi alisimama bila haraka. Alikuwa na adabu. "Mzee, huyu mama kazi yake ni nini?"

"Fundi cherehani."

"Ana nyuzi nyumbani?"

"Bila shaka."

"Za kijani pia?"

Minong'ono ikapita. Wakili akamgeukia jaji, akasema kwa heshima zote tume inaombwa kuamini kwamba mtu amekufa kwa sababu ya kipande cha uzi ambacho mwanafunzi wa ushonaji anaweza kukitia kwa nusu dakika. Akakaa.

Dobi akatazama zile benchi za mbele, ile mifuko, na akaona jambo ambalo angeliona mapema kama si hofu.

"Mheshimiwa," akasema, "Alhamisi ya mwisho, kabla ya lile ghala kufungwa, ilikuwa wiki ya buluu. Hawa mama wote walipokea furushi siku hiyo. Daftari lipo. Baada ya hapo nguo hazikurudi kwangu, kwa hiyo sikung'oa uzi. Waombe wageuze mapindo."

Jaji akawaangalia. "Mnaweza?"

Mifuko ikafunguliwa. Mashati, fulana, sweta, koti moja la mvua. Wanawake ishirini na kitu waliinamisha vichwa, wakageuza mapindo kwa vidole, wengine wakivaa miwani, wengine wakiazimana. Mmoja alikuwa amevaa shati lenyewe la mumewe, akalichomoa kwenye sketi bila kuona haya. Karani wa tume alipita mbele yao na daftari la getini, anauliza jina, anatazama pindo, anaandika. Ilichukua robo saa nzima. Buluu, akasema kila mara, buluu, buluu, na hii buluu, mpaka akafika kwa fundi cherehani na lile shati la miraba, ambalo sahihi yake ilikuwa kwenye ukurasa ule ule wa siku ile ile.

"Kijani," karani akasema.

Wakili wa jeshi hakusimama tena.

"Nani alikuletea nguo hizi kutoka ndani?" jaji akauliza.

Dobi alikuwa amejiandaa kwa swali hili siku kumi, na bado lilimkata maini. "Koplo yule aliyesimama mlangoni. Ni mkwe wangu. Sare aliyoivaa nimeinyoosha jana mimi."

Vichwa vikageuka. Koplo hakukimbia wala hakukana. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, na jaji akamwambia asitoke, atasikilizwa mchana.

"Nguo zilikuwa katika hali gani?"

Akasema. Hakuruka kitu. Alisema la miraba lilikuwa limelowa mgongoni na damu ilikuwa mbichi ndani ya mishono, kwa hiyo mtu alikuwa amelivaa usiku wa kuamkia Jumanne hiyo hiyo, si kabla. Alisema kuhusu waya na matundu ya sigara, na kwamba ameyaziba yeye, saba, na mahali yalipo. Alitaja luteni na maneno yake. Karani akapekua kalenda, akataja tarehe. Fundi cherehani aliinua kidole, akaomba arudie, karani akarudia.

"Kuna la kuongeza?" jaji akauliza.

"Lipo." Aligeuka akamtazama mama mwenyewe, si jaji. "Nilikwambia wamepewa sare. Hakuna aliyenituma. Sare hazikuwepo, na nilikuwa najua amekufa, mama. Dobi anajua. Nilisema hivyo ili uondoke dirishani."

Mama alikuwa anaandika tarehe kwa kalamu nyuma ya tepu yake ya kupimia, mahali pasipo na namba.

*

Saa ya mapumziko fundi cherehani alimkuta dobi kwenye korido, ameketi kwenye benchi karibu na bomba la maji, ameegemea ukuta. Binti yake dobi, mke wa koplo, alikuwa amempita muda huo huo na mtoto mgongoni, hakumsalimia. Mama alisimama mbele yake, akafungua mfuko na kutoa shati la nne. Jeupe, la mikono mirefu. Alimpa.

Dobi aligeuza pindo kwa mazoea. Halikuwa na uzi.

"Hili halikupita kwangu," akasema.

"Ndilo lile la Alhamisi ya kwanza. Nililolipakata pale getini."

Akalitandaza mikononi. Lilikuwa safi kabisa. Alilielekeza dirishani penye mwanga, akatafuta kwa jicho la miaka kumi na tisa, na mgongoni akaona mistari hafifu ya uzi uliokatika, basi. Doa hakuna.

"Nililifua mwenyewe," mama akasema. "Usiku ule ule. Nilifika nyumbani na shati chafu la mwanangu mkononi, nikafanya nilichofanya na mashati yake machafu tangu azaliwe. Nilipomaliza kulianika ndipo akili ikanirudia, kwamba nimemwaga kila kitu kwenye beseni. Ndiyo maana nilikuja kukwambia usifue. Nilikuwa nataka lingine. Na wewe hukunipa."

"Ulitumia maji gani?" dobi akauliza, na akajichukia papo hapo kwa kuuliza.

"Baridi," akasema. "Na chumvi. Nani asiyejua hilo?"

Akachukua shati lake, akalikunja, mikono kwa nyuma, kola juu. Alimwambia hajamsamehe, na asije akasikia kwa watu kwamba amemsamehe. Kisha akakaa kwenye benchi lile lile, upande wa pili, mfuko mapajani, wote wawili wakisubiri kengele ilie wakamsikilize koplo.